Kasulu na Kibondo: Vilima vya Kupimia Anga

Ndugu msomaji, chukua ramani ya nchi yetu uitandaze mezani, kisha uwaite watoto. Weka kidole chako juu ya mstari wa longitudo ya nyuzi 30 mashariki, uufuate kutoka kaskazini kwenda kusini. Utapita Burundi, utavuka mpaka na kuingia ardhi ya Tanzania, na mara kidole chako kitapita upande wa magharibi wa mji wa Kasulu, umbali wa kilomita zipatazo kumi tu. Mstari huo hauna uzio wala jiwe la mpaka, na mkulima anayepalilia maharage yake mahali hapo hana habari nao. Hata hivyo una historia kubwa ya upimaji, nasi tutaifikia.

Makala haya yanakualika katika safari ya kutoka Kigoma kupanda Kasulu hadi Kibondo, nyanda za juu za Buha. Wasafiri wengi hupita huko kwa biashara, kwa mazishi au kwa likizo ya kuwaona wazee. Sisi tutapita na swali moja mkononi: kitu kikirushwa angani, kimefika juu kiasi gani, na nani mwenye haki ya kusema? Swali hili laonekana kuwa mchezo wa watoto. Tukifika Kibondo utaona kwamba si mchezo hata kidogo.

KUTOKA MWISHO WA RELI

Safari yaanzia Kigoma, mji ambao reli iliufikia mwaka 1914 na ambao hadi leo huitwa mwisho wa reli. Hapa ufukweni uko mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari. Iweke namba hiyo akilini, maana tutaihitaji mbele ya safari.

Kabla hujapanda gari, tazama magharibi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni milima ya Kongo. Mbali zaidi, upande wa kusini-magharibi, katika jimbo lililokuwa likiitwa Shaba, kampuni ya Kijerumani iliyojulikana kwa jina la OTRAG ilipewa na serikali ya Mobutu eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000 kwa ajili ya kurushia roketi. Eneo hilo ni zaidi ya mara mbili ya Mkoa mzima wa Kigoma, maji yake yakiwamo. Roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977. Ya pili ilirushwa tarehe 20 Mei 1978. Ya tatu ilirushwa tarehe 5 Juni mwaka huo huo mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe, nayo ikashindwa. Mwaka 1979 kampuni ilitakiwa kuondoka. Vipimo vya safari hizo vilikuwa mali ya kampuni. Mwananchi wa kando ya mto Luvua aliachiwa kumbukumbu ya moshi na ngurumo.

Mashariki nako, kwenye pwani ya Kenya, Waitalia walijenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha uhuru wake, kilirushwa hapo chombo cha Kimarekani kilichopewa jina la Uhuru. Hicho kilikuwa chombo cha kwanza duniani kutumwa kwenye mzingo kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota, na orodha iliyotokana nacho ina vyanzo 339 vya miali hiyo. Kiongozi wa kazi ile, Riccardo Giacconi, alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Jina lilikuwa la Kiswahili na bahari ilikuwa yetu sote wa Afrika Mashariki, lakini takwimu zilisomwa Marekani.

Simulizi hizi mbili hazikuletwa hapa ili tulalamike. Zimeletwa ili tuone jambo moja: roketi huonekana na kila mwenye macho, lakini faida yake humwendea yule aliyeshika daftari la vipimo. Na siku hizi daftari hilo limeanza kushikwa na vijana wa kwetu. Huko Juja, Kenya, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia wana mradi wao uitwao Nakuja. Wanaunda roketi ndogo na, muhimu zaidi, wanaunda kompyuta ndogo ya kukaa ndani yake. Kompyuta hiyo husoma mgandamizo wa hewa na mwendo wa roketi, hutuma habari kwa redio kwa waliobaki chini, na huamua ni wakati gani roketi imefika kileleni ili parachuti ifunguke. Ikikosea, roketi huanguka kama jiwe na kazi ya miezi kadhaa huvunjika. Hapo ndipo hesabu inapokuwa na bei.

KASULU: PEMBE NA VILIMA

Sasa tupande. Kutoka Kigoma hadi Kasulu ni kilomita 90 hivi, na barabara iliyowatesa abiria kwa vumbi jekundu miaka mingi leo ni ya lami. Joto la ziwani linabaki nyuma. Michikichi inapungua, migomba inaongezeka, na ardhi inajikunja vilima juu ya vilima. Baiskeli zinashuka zikiwa zimebebeshwa mikungu ya ndizi, wenyewe wakizisukuma kwa mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo. Ukifika asubuhi, msalimie mzee kwa Kiha, "Mwakeye," nawe usiwe na haraka, kwani salamu za Waha si za kutupiana ukipita. Hii ni nchi ya watemi wa Heru, na jina hilo lingali hai katika Heru Juu.

Simama juu ya kilima chochote cha hapa utazame kilima cha pili, kisha cha tatu. Umepata pembe tatu. Hivyo hivyo ndivyo walivyotazama wapimaji wa ardhi walioongozwa na Martin Hotine mwanzoni mwa miaka ya 1930, walipokuwa wakipima mnyororo wa pembe tatu katika magharibi ya Tanganyika kuufuata ule mstari wa nyuzi 30. Wazo la kupima mstari huo kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri lilitolewa na mnajimu David Gill mwaka 1879, na pengo la mwisho, lililokuwa Sudani, lilizibwa mwaka 1954. Walipima kwa uangalifu mkubwa umbali wa sehemu chache tu ardhini. Mengine yote waliyapata kwa kupima pembe kutoka kilele hadi kilele na kufanya hesabu. Ramani zetu nyingi hadi leo zimejengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960, uliotokana na kazi hiyo.

Hesabu iliyopima bara ndiyo hiyo hiyo itakayompimia mwanao urefu wa roketi ya chupa. Yafaa tuieleze kwa ukamilifu, kwani vifaa vyake vyote vinapatikana katika nyumba ya mfanyakazi wa kawaida.

Roketi yenyewe ni chupa ya plastiki ya soda, ya lita moja na nusu. Itiwe maji theluthi moja, izibwe kwa kizibo cha mpira kilichopitishwa valvu ya baiskeli, igeuzwe kichwa chini juu ya kitako imara, kisha ipigwe pampu. Hewa ikizidi nguvu, kizibo huchomoka, maji hufyatuka chini na chupa huruka juu. Tahadhari ni hizi: mtu mzima awepo, watoto wakae hatua kumi au zaidi, mtu asiinamie chupa iliyokwisha kujazwa hewa, chupa yenye mkwaruzo itupwe, na kamwe chombo cha kioo au cha bati kisitumike.

Kifaa cha kupimia ni kipimapembe cha shuleni. Funga uzi katikati yake, ning'iniza nati mwishoni mwa uzi, na gundisha mrija wa soda kwenye ukingo ulionyooka. Chungulia roketi kupitia mrija inapofika kileleni, bana uzi kwa kidole, usome. Mrija ukiwa umelala sawa na ardhi, uzi husimama penye 90. Kwa hiyo tofauti kati ya 90 na namba uliyosoma ndiyo pembe ya mwinuko.

Tuseme umesimama mita 50 kutoka mahali pa kurushia, na pembe ni nyuzi 40. Katika jedwali la hesabu, tanjenti ya 40 ni 0.839. Zidisha kwa 50, upate mita 42. Ongeza mita moja na nusu, ambayo ni kimo cha jicho lako, na jibu ni mita 43 na nusu.

Lakini ngoja. Upepo wa vilimani hauombi ruhusa. Roketi ikisukumwa kuja upande wako, pembe itakuwa kubwa na utadhani imepanda mno. Kwa sababu hiyo waweke wapimaji wawili, mmoja kila upande, wakiwa mita 100 kati yao, upepo ukielekea kwa mmojawao. Tuseme wa kwanza amesoma 45 na wa pili amesoma 35. Kila mmoja akihesabu peke yake kwa mita zake 50, wa kwanza atasema roketi ilifika mita 50, wa pili atasema mita 35. Watabishana hadi jioni. Wakiziunganisha pembe zao, yaani wazidishe tanjenti mbili, wagawe kwa jumla ya tanjenti hizo, kisha wazidishe kwa 100, watapata mita 41, juu ya usawa wa macho yao. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alikuwa na nusu ya habari.

Jambo jingine la kuzingatia ni mahali pa kusimama. Ukisimama karibu mno, hata kosa dogo la mkono huwa kubwa. Kwa pembe ya 40, kosa la nyuzi mbili huleta tofauti ya mita 3. Kwa pembe ya 70, kosa hilo hilo la nyuzi mbili huleta tofauti ya mita 17, hata kama umbali wako ni ule ule wa mita 50. Rudi nyuma basi, hadi pembe ikaribie 45. Vilima vya Kasulu vina nafasi ya kutosha.

Wako pia wanaopenda kutumia saa ya mkononi: huhesabu sekunde tangu kileleni hadi chini na kutumia kanuni ya kitu kinachoanguka. Saa ina tabia ya kumsifu mwenye roketi. Kutoka mita 41 jiwe lingetua kwa sekunde 2.9, lakini chupa tupu ni nyepesi na hewa huizuia. Ikichukua sekunde 4, kanuni itakwambia kwamba ilikuwa mita 78. Furaha itakuwa kubwa na jibu litakuwa la uongo.

MAKERE: MLIO NI NENO

Tukiondoka Kasulu kuelekea kaskazini-mashariki tunapita Makere, na mbele tunauvuka mto Malagarasi, ambao huendelea kuzunguka hadi kwenye mabwawa ya Moyowosi. Bonde la mto huo ndilo ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, mwaka 2000.

Hapa Makere yatupasa kupunguza sauti. Karibu na hapa ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia vita nchini Kongo. Huko Kibondo, kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015, Warundi walipokimbia machafuko ya nchi yao. Kwa miaka mingi watu wa wilaya hizi wamegawana kisima, soko na kuni na wageni ambao wengi wao waliisikia bunduki kabla hawajajua kusoma.

Kwa mtu wa namna hiyo, mlio wa ghafla na moshi unaopanda si onyesho la sayansi. Mama atamnyakua mtoto na kukimbilia kichakani. Kwa hiyo nasema bila kusitasita: roketi za moto, za baruti au za mbolea iliyochanganywa na sukari, hazina nafasi katika vijiji hivi. Hatari yake kwa vidole na macho ya watoto ingetosha kuzikataza, na mambo ya baruti yana sheria zake na mamlaka zake. Lakini hata zingekuwa salama, pangebaki suala la utu. Chupa ya maji hutoa mlio kama wa mtu aliyefungua soda iliyotikiswa, na watoto hulowa na kucheka. Na kabla ya kurusha hata hiyo, mwenyekiti wa kijiji apewe taarifa na majirani waambiwe. Atakaye kupima anga aanze kwa kuwapima jirani zake.

KIBONDO: HEWA YA KWETU

Kibondo, nchi ya Muhambwe ya zamani, inakupokea kwa baridi ya jioni inayomfanya mtu wa Dar es Salaam atafute sweta. Soko lina maharage ya rangi zote, na kina mama wa hapa wanafahamu jambo ambalo vitabu hulieleza kwa maneno mengi: maharage ya milimani hukawia kuiva kuliko yale ya ufukweni. Sababu ni hewa. Kadiri unavyopanda, hewa inayokukandamiza hupungua, na maji huchemka kabla hayajapata joto kamili. Kule Kigoma ziwani maji huchemka karibu na nyuzi 97 na nusu za Selsiasi. Mahali penye mwinuko wa mita 1,300 huchemka kabla ya kufika 96. Sufuria ya maharage, kwa maana hiyo, ni chombo cha kupimia mwinuko.

Kihisi kilichomo ndani ya roketi za wanafunzi, na ambacho kimo pia ndani ya baadhi ya simu za mkononi, hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Kinasoma mgandamizo wa hewa. Ufukweni Kigoma utasoma kama milibari 923. Penye mita 1,300 utasoma kama 866. Kompyuta huangalia kushuka kwa namba hizo na kutafsiri kuwa mita. Namba zenyewe hurukaruka, kwa kuwa upepo na mtikisiko huzivuruga, hivyo mchambuzi huchukua wastani wa vipimo vinavyofuatana badala ya kuamini kimoja. Mgandamizo ukiacha kushuka na kuanza kupanda, roketi imevuka kilele.

Sasa lipo jambo ambalo mwanafunzi wa Kibondo au Kasulu anapaswa kulijua kuliko mwanafunzi wa Ulaya. Kanuni inayotumiwa na vifaa vingi ilitungwa kwa kudhani kwamba hewa ya usawa wa bahari ina joto la nyuzi 15, na kwamba penye mita 1,300 joto ni kama nyuzi 6 na nusu. Ndugu msomaji, ni mchana gani wa Kasulu wenye nyuzi 6? Mchana wa nyuzi 25, hewa yetu imetanuka zaidi kuliko ile ya kitabuni, na inakubidi upande zaidi ili mgandamizo ushuke milibari moja. Matokeo yake, kifaa kisichorekebishwa kitapunja urefu kwa asilimia 6 hivi. Roketi iliyopanda mita 100 itaandikiwa 94.

Mita sita zaweza kuonekana si kitu. Lakini hebu zione kwa jicho la yule kijana. Amepima kwa kipimapembe akapata 100. Kifaa kilichonunuliwa kwa fedha nyingi kimesema 94. Akifundishwa kukiamini kifaa daima na kujidharau daima, atafuta jibu lake lililo sahihi. Akifundishwa kuuliza kwa nini vipimo viwili havipatani, atachukua kipimajoto, atarekebisha kanuni, na vipimo vyake viwili vitakutana. Kijana wa pili ndiye taifa linayemhitaji katika maabara ya hospitali, katika mitambo ya umeme na katika kupima mvua. Hewa ya Buha haikuandikwa katika kanuni ile. Lazima ipimwe na watu waliomo ndani yake.

DAFTARI LA FAMILIA

Ikiwa likizo ijayo utawapeleka watoto kwa babu na bibi Kasulu au Kibondo, chagua miezi ya kiangazi, kati ya Juni na Septemba, na urushe asubuhi kabla upepo haujaamka. Chukua kipimapembe viwili, uzi, utepe wa kupimia, kipimajoto na pampu ya baiskeli. Chupa utaziokota njiani, na utakuwa umesaidia usafi.

Nunua na daftari. Chora safu saba: tarehe, saa, joto, kiasi cha maji, idadi ya pampu, pembe ya kwanza, pembe ya pili. Rusha mara tano kwa kiasi kile kile cha maji kabla hujabadilisha chochote, kisha utafute wastani. Halafu badilisha kitu kimoja tu, mathalani maji yawe nusu ya chupa, urushe tena mara tano. Chupa iliyoanguka kombo nayo iandikwe, pamoja na sababu yake, maana daftari lenye ushindi mtupu halimfundishi mtu. Wakubwa wasome pembe, wadogo waandike, na bibi apewe kazi ya kuhesabu pampu, kwani yeye hapitiwi.

Likizo ikiisha, acha nakala moja ya daftari hilo katika shule ya kijiji. Watoto watakaobaki watakuwa na mahali pa kuanzia, na mwaka unaofuata watakuonyesha wamefika wapi.